Meza ya Shangazi: omena ya watoto, barabara ya Kakamega na chapati za Disemba

Karibuni tena mezani. Barua za mwezi huu karibu zote zinanukia Disemba, kila mtu ama anaenda nyumbani ama anangoja watu wake waje, na maswali ni ya kupika, ya safari, na ya watoto ambao mwaka mzima tumekuwa tukiwaona jioni tu wakiwa wamechoka. Siwezi kujibu zote lakini nimechukua hizi, na kuna jambo moja mtaniona nikirudia rudia kwa sababu naliamini kabisa: watoto wapewe kazi. Mtoto akishika kitu kwa mkono wake hukila, na ile siku haimtoki. Haya tuanze.

Shangazi, salamu kutoka Section 58 hapa Nakuru. Mimi ni Mkikuyu nimeolewa Kisumu upande wa Seme na tuna watoto watatu. Baba yao anapenda omena, wale dagaa wa ziwani, vibaya sana lakini nikipika watoto wanaziba pua wanasema ni chungu, na ukweli hata mimi huila kwa heshima tu. Tukienda kwao mama mkwe anapika hio hio omena na watoto wanamaliza wanalamba sahani. Anafanya nini ambacho mimi sifanyi? – Mama watatu, Nakuru

Mama watatu, salamu zimefika. Kwanza nikutoe wasiwasi, hapo hakuna siri ya ukoo, ni kazi ya mikono tu na inaanza sokoni kabla hujawasha jiko. Omena ya Nakuru imesafiri. Kuna ile ilianikwa juu ya neti ikakauka safi, kuna ile ilimwagwa tu kwa mchanga, na kuna ile ilinyeshewa ikiwa nje ikakaushwa mara ya pili, na hio ya mwisho ndio huwa na ule uchungu na harufu ya kukwama kooni. Chota kiganjani uangalie. Nzuri inang'aa rangi ya fedha, samaki ni wazima wazima hawajavunjika, na ukinusa unasikia samaki mkavu basi. Ikigeuka manjano ama kahawia jua mafuta yake yashaharibika na hapo hata upike na nini haitakuwa tamu. Sugua kidogo kwa viganja, ukisikia mchanga unakwaruza mwambie mama wa soko asante uende kwa mwingine, hatakasirika, wamezoea.

Pili ni vichwa. Najua watu wengi mjini wanapika na vichwa juu ya haraka, na mtu mzima aliyezoea hajali, lakini ulimi wa mtoto unaonja ule uchungu wa kichwa na tumbo mara moja. Ukienda Seme tena mchunguze mama mkwe, sitashangaa ukimpata jioni ameketi na uteo mapajani, wajukuu wamemzunguka, kila mtu anakata vichwa na kutoa matumbo kwa kucha huku wanapiga stori. Hapo watoto wako washaanza kuipenda hata kabla haijaingia kwa sufuria, na hio sehemu hakuna mtu atakuuzia kwa duka.

Ukimaliza vichwa osha na maji vuguvugu, badilisha maji mpaka yatoke safi, halafu mwagia maji yaliyochemka uache kama dakika tano, chuja kabisa. Hapa ndio wengi wanaharakisha. Omena ikiingia kwa mafuta na maji ndani, inaruka ruka kisha inapondeka. Irudishe kwanza kwa sufuria kavu, moto mdogo, uigeuze na mwiko mpaka uisikie inalia kwa chuma, ndio uweke mafuta ukaange hadi ikauke na uweze kuitafuna ikavunjika. Itoe uweke kando. Kwa mafuta yale yale weka vitunguu viwili vikubwa, usihurumie vitunguu, viive viwe laini kabisa, halafu nyanya tatu nne zilizoiva hadi zipondeke na mafuta yatokee juu, chumvi, hoho ukipenda. Sasa rudisha omena na maji kidogo tu robo kikombe, funika dakika chache, dania mwisho.

Halafu kuna hii. Nyumba nyingi upande huo humalizia na maziwa ama ile krimu ya juu ya maziwa, kiasi cha kulainisha mchuzi, na nadhani hapo ndipo watoto wako wanalambia sahani. Moto uwe mdogo wakati unamimina, ukiwa mkali na nyanya ziko kali maziwa yatakatika. Pika na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo ukipata unga, na osuga, ile mboga ya mnavu, ama sukuma pembeni.

Na wakiwa wanakata vichwa waambie venye hawa samaki hupatikana. Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, omena wanafuata mwangaza, ndio maana mwezi ukiwa mpevu wengi hawaendi, mwangaza umeenea kila mahali na taa haivuti kitu. Ukisimama Dunga, pale ufuoni Kisumu, usiku wa giza unaona taa zimejaa huko majini mpaka unadhani kuna mji ng'ambo. Watoto wangu walikuwa wanapenda kuambiwa hivyo kila mara. Na jambo la mfuko: kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, bei inapanda, kwa hivyo Machi nunua ya kutosha, ianike tena juani siku moja na uifunge kwa mkebe usioingiza hewa.

Shangazi hujambo. Napeleka familia yangu Kakamega kutoka Nakuru kwa Krismasi, mara ya kwanza tunaenda na gari letu. Watoto ni wa miaka 4, 7 na 11. Mimi nikiwa mdogo tulikuwa tunasafirishwa usiku na sikumbuki chochote isipokuwa kulala na kuamka kwa nyanya. Nataka hawa wakumbuke. Tupitie wapi, tusimame wapi, tubebe chakula gani? Wa miaka 7 huwa anatapika. – Baba watoto, Lanet

Baba, swali lako nililisoma mara mbili kwa furaha. Pitia Kericho na Kisumu. Ya Eldoret na Kapsabet ni nzuri pia, lakini kwa watoto wa umri huo nakupa hii kwa sababu siku moja tu wanaona baridi, majani chai, mpunga, ziwa, na wanamalizia kwa milima ya Vihiga, na karibu kila mahali kuna kitu cha kutia mdomoni.

Ondoka kukianza kupambazuka, sio usiku. Hio sehemu ya Salgaa hadi Mau Summit ina malori mengi na miteremko mikali, ipite mchana ukiwa macho. Asubuhi wape chai nyepesi na viazi vitamu ama mkate, huyo wa miaka 7 asipewe maziwa mengi wala vitu vya mafuta, aketi katikati kule nyuma mahali anaona barabara mbele, dirisha wazi kidogo, ndimu iliyokatwa ya kunusa, na simu asiiguse kwenye kona. Beba mifuko na kitambaa chenye maji. Akitapika asigombezwe hata kidogo, simameni anywe maji, atembee, muendelee.

Mau Summit mnashika kushoto. Huko ni juu, karibu mita 2,500, na asubuhi mara nyingi kuna ukungu. Simameni, mkipata mahindi choma nunueni, watoto washuke nje wasikie ile baridi vizuri bila kuharakishwa kwa sababu baadaye utawauliza. Kericho ndio ufungue thamosi. Kunyweni chai mkiwa mnaangalia chai, na huyo mkubwa mwelezee kwamba huchumwa majani mawili na kichipukizi chake, na kichaka hicho hicho hurudiwa baada ya wiki moja ama mbili. Mkitoka Kapsoit barabara inaanza kushuka, masikio yanaziba, masweta yanavuliwa moja moja, na kufika Awasi na Ahero kumekuwa joto kabisa na kando ni mashamba ya mpunga. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari. Mwache mkubwa atoe hesabu mwenyewe, mmeshuka zaidi ya kilomita moja kwenda chini tangu Mau Summit na hakuna aliyehisi ila masikio. Ahero nunueni mchele wa kupelekea nyanya yao, kila mtoto abebe wake, hata kilo moja moja, wamkabidhi wenyewe kwa mkono.

Chakula cha mchana ni samaki Kisumu, mkae karibu na ziwa, na musiagize kila mtu sahani yake. Agizeni samaki mmoja mkubwa na ugali katikati mle kwa mkono. Kwa wa miaka 4 chukua mbuta, yaani sangara, mwiba wake ni mkubwa unaonekana. Ngege, yaani tilapia, yule mtoto wako mkubwa atamtoa miiba mwenyewe na ataringa.

Sasa kitu ambacho watu wengi wanapita bila kujua. Nakuru iko kusini mwa ikweta, Kericho kusini, Kisumu kusini, Kakamega kaskazini. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50 tu na hapo ndani, mkipanda upande wa Kiboswa, mnavuka. Mkubwa afungue ramani kwa simu aangalie ile namba ya latitudo ikipungua hadi sifuri halafu ianze kuongezeka tena, na yeye ndiye atangaze. Gari lote litanyamaza kumngoja.

Kabla ya mji wa Kakamega kuna Ilesi. Simameni muone ule mwamba unaolia, nguzo ndefu ya jiwe na jiwe lingine juu yake, maji yanachuruzika, na hapo hapo Ilesi kina mama wanafinyanga na kuuza vyungu. Nunueni kimoja cha kupikia. Ukifika kwa mama kiloweke kwa maji usiku kucha, kesho yake kipakwe mafuta ndani na kichemshiwe uji kwa moto mdogo, hapo kitakuwa tayari kwa mboga na hakitapasuka ovyo. Msitu wa Kakamega msiuchanganye na siku hii, upeni asubuhi yake, mapema, wakati ndege na mbega wako macho. Usijaribu kusimama kila mahali baba. Watoto wakichoka wanaacha kuona.

Shangazi nisaidie. Nimeolewa Molo juzi tu kutoka Ahero. Kwetu nyoyo, yale mahindi na maharagwe, naweka kwa moto saa tisa na jioni tunakula. Huku nachemsha mpaka makaa yanaisha na maharagwe bado magumu. Naona aibu mbele ya wifi zangu. Ni mimi ama ni maharagwe? – Bibi harusi, Molo

Si wewe mwanangu, ni mlima. Molo iko karibu mita 2,500 na huko juu maji huchemka kwa joto la chini, karibu digrii 92, wakati huko kwenu yanafika karibu 96. Unaona yanatokota vizuri kabisa lakini hayana ule moto wa kwenu, na kuongeza makaa hakusaidii, yanatokota zaidi tu na kukauka, joto linabaki pale pale. Kwa hivyo wifi zako wamezoea muda mrefu na wewe umezoea mfupi, aibu haina nafasi hapo.

Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, maji yawe mengi, asubuhi mwaga maji hayo. Funika sufuria na mfuniko mzito na usifungue fungue. Maji yakipungua ongeza yaliyo moto, sio ya bomba. Nyanya na ndimu zisiingie kabla maharagwe hayajaiva, hizo ndizo huyafanya yakaze, na nunua maharagwe ya msimu huu kwa sababu yaliyokaa sana ghalani hata Kisumu yanasumbua. Siku mkiweza nunueni presha kuka, kwa mtu wa Molo hio si anasa. Na huko una viazi vizuri na njegere mbichi ambavyo Ahero watu wanavitafuta kwa hamu, muulize wifi mkubwa akufundishe mukimo wa kwao mkiwa nyinyi wawili jikoni. Mwanamke akiulizwa afundishe chakula cha mama yake moyo unafunguka.

Mhariri na Shangazi, hamjambo. Nikiwa kijana mdogo nilipanda gari moshi na marehemu baba kutoka Nakuru hadi Kisumu, usiku mzima, na asubuhi pale Muhoroni akaninunulia mayai na miwa kupitia dirishani. Nikianza kuwasimulia wajukuu dakika mbili wamerudi kwa simu. Nifanye nini wanisikize? – Mzee, Kibos

Mzee wangu, heshima yako. Usianze na historia, anza na yai. Siku wakiwa hapo wote chemsha mayai, nunua miwa, na Kibos miwa si shida, kata vipande, weka chumvi kwa karatasi venye wauzaji walikuwa wakifanya, na uwape wakiwa wameketi nje. Mdomo ukiwa na muwa mtoto hawezi kuondoka. Hapo ndio useme, baba yangu alininunulia hivi kupitia dirisha la treni. Wataanza kuuliza wenyewe, dirisha lilikuwa linafunguka aje, mlilala wapi, nani alilipa.

Halafu hio simu usiipige vita. Mpe mjukuu mmoja kazi ya kukurekodi na ajue ni kazi kubwa. Mwambie jina la baba yako, alivaa nini siku hio, alikuwa akienda kumwona nani. Hayo hakuna kitabu kinayo. Yale ya vitabu yapo, kwamba reli ilifika ziwani mwaka wa 1901 mahali palipokuwa pakiitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, wataletewa shuleni. Na treni ya abiria ya Kisumu, baada ya kukaa miaka mingi bila kufika, ilirudishwa Disemba 2021. Ukipata nguvu mzee uliza stesheni kama kuna safari wikendi, uwapeleke hata mara moja, na wewe ndiye uketi dirishani.

Shangazi, natoka Nakuru naishi Kisumu kikazi. Kila nikienda nyumbani mama anataka samaki. Nibebe aje bila matatu yote kunilaani? – Binti, Nyalenda

Binti, nunua asubuhi ya safari. Jicho liwe angavu limejaa, mashavu ukifunua ndani yawe mekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Mama samaki amtoe magamba na matumbo hapo hapo, amkate mistari, umpake chumvi na umkaange mkavu kabisa kwa mafuta mengi, umwache apoe wazi, hapa usiharakishe kwa sababu ukimfunga akiwa moto atatoa maji na harufu. Funga kwa karatasi, sio plastiki, halafu kwa kikapu. Mama atampika tena na mchuzi. Ukitaka mbichi lazima uwe na kibox cha barafu. Obambla, yule aliyepasuliwa akakaushwa juani, anasafiri vizuri zaidi ya wote lakini mfunge kwa mikebe ya kufunika, huyo harufu yake inafika steji kabla yako.

Shangazi, mimi ni kijana nasoma chuo Kisumu, kwetu ni Butere. Mwaka huu nimepewa chapati za Krismasi. Watu kama 30. Dada zangu wanacheka. Tafadhali nieleze kila kitu. – Last born

Last born, nakueleza kila kitu na dada zako watanyamaza.

Pakiti ya kilo mbili inatoa chapati 20 hadi 25 za wastani. Watu 30 hawali moja, piga hesabu ya mbili mbili, na watoto watarudi, kwa hivyo pakiti tatu. Kanda pakiti moja moja, usichanganye zote pamoja mikono yako haitaweza na unga utakauka. Kwa pakiti moja weka chumvi vijiko vya chai viwili na nusu hivi, sukari vijiko viwili vya mezani ukipenda, mafuta nusu kikombe usugue ndani ya unga kwa vidole. Maji yawe moto ule wa kuoga, sio ya kuchemka, lita moja na kidogo, uyamimine polepole huku unakanda, kwa sababu unga hutofautiana. Unataka donge laini linalokaribia kushika mikono lakini halishiki. Kanda dakika kumi za kweli. Watu wengi chapati zao zinakauka kwa sababu waliogopa maji, wakafanya donge gumu ndio liwe rahisi kusukuma. Donge gumu chapati ngumu.

Paka mafuta juu, funika na kitambaa kibichi, ondoka. Nusu saa, ama hata saa moja. Ukirudi utaona donge limetulia limekuwa tiifu. Kata vipande, sukuma kila kimoja kiwe duara kubwa, paka mafuta, kikunje kiwe mkanda mrefu kisha ukizungushe, mkia uufiche chini. Hizo ndizo tabaka. Ziache zipumzike tena kidogo kabla ya kusukuma mara ya mwisho, hapo ndipo wewe na dada zako mtatofautiana, wao watasema twende twende, wewe kataa.

Kikaango kiwe moto wa kati. Chapati iingie bila mafuta kwanza, ikianza kutoa mapovu geuza, ikipata madoa upande wa pili ndio upake mafuta, geuza, paka, zungusha na kijiko ukikandamiza pembeni. Moto ukiwa mdogo sana inakaa muda mrefu na kukauka, ukiwa mkali inaungua nje na ndani unga mbichi. Ukitoa weka moja juu ya nyingine kwa hotpoti iliyotandikwa kitambaa, mvuke unazilainisha.

Na usipike peke yako. Anza saa kumi na mbili asubuhi nyanya yako akiwa bado anaota moto, muulize ashike mafuta na kijiko chake. Mtoto mdogo wa kuviringisha madonge, mwingine wa kusukuma, mwingine wa kupeleka makaa. Chapati ya kwanza mnayoonja jikoni mmeigawa watu sita imekatwa kwa mkono, na chumvi inabishaniwa, hio ndio tamu ya siku nzima, tamu kuliko zile za mezani. Kaka zako wakipita na kuchungulia wape kazi pia.

Shangazi, mwaka jana tukiwa kwa wazazi wangu Bungoma, kuku amechinjwa, binti yangu wa miaka 9 akasema mbele ya watu wote anataka imondo, yaani firigisi. Nilitaka kumnyamazisha kwa sababu kwetu hio ni ya baba wa nyumba. Mzee akacheka akaikata katikati akampa nusu. Wajomba wengine hawakufurahi. Mwaka huu nimwambie asiombe? – Baba binti

Baba binti, imondo ni ya mzee na mzee amegawa. Kitu cha mtu akikigawa kwa furaha yake hakuna aliyevunja mila hapo, na wajomba wasipofurahi wamwendee mwenye imondo, sio mtoto. Mimi naona huyo babu alifanya jambo kubwa sana, wajukuu wengi wanamjua babu kwa kusalimiwa tu na kuombewa, huyu wako anamjua kwa nusu ya imondo na hatasahau maisha yake yote.

Usimwambie asiombe. Mfundishe aitengeneze. Siku ya kuku aende jikoni na nyanya yake mapema, aonyeshwe kuipasua upande mmoja bila kuikata vipande viwili, kumwaga mchanga na vijiwe vya ndani, kumenya ile ngozi ya manjano mpaka itoke yote, kusugua na chumvi na kuosha mara kadhaa. Iingie kwa sufuria pamoja na miguu kabla ya nyama nyingine kwa sababu inachelewa kuiva, na kuku wa kienyeji mwenyewe hana haraka. Halafu yeye binti ndiye ambebee babu sahani, mikono miwili, na babu ajue ni nani alitengeneza. Kama ataikata tena katikati hio ni kati yao wawili. Ila kisu mnoleeni kwanza, imondo inateleza na kisu butu ndicho huumiza watoto.